Moyo Uendao Mbio Ghafla: Si Woga, Wala Si Pepo

Akina mama wengi wa hapa Mbagala wakisimulia maradhi yao huhesabu miaka kuanzia mabomu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka kule Kizuiani. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, nyumba zikabomoka, watoto wakakimbia ovyo wakapotezana na wazazi wao. Tangu siku ile, sisi tufanyao kazi ya uuguzi tumeyasikia maneno haya mara nyingi mno: "Sista, moyo wangu haujatulia tangu mabomu."

Mama mmoja wa kikundi chetu cha akina mama kanisani naye alisema hivyo. Anapika na kuuza chakula karibu na kituo cha Rangi Tatu, na ameturuhusu tusimulie habari zake bila kumtaja jina. Mwaka ule wa mabomu alikuwa na umri wa miaka 23 na mtoto mchanga mgongoni. Alikimbia kwa miguu hadi Mtoni Mtongani. Alipofika na kuketi chini, moyo ulikuwa ukimpiga kwa kasi asiyoweza kuihesabu, shingo ikidunda hadi wenzake wakaiona. Halafu, baada ya kama nusu saa, ukakoma mara moja, mithili ya mtu aliyezima taa.

Kila mtu angesema huo ni mshtuko, na kwa siku ile hakuna wa kulaumiwa. Lakini miezi minne baadaye akainama kunyanyua sufuria la wali, na moyo ukaanza tena. Hapakuwa na bomu wala ugomvi, ila sufuria tu. Ikawa hivyo kwa miaka 14. Mara mbili kwa mwaka, kisha kila mwezi, na alipokuwa na mimba ya pili ikawa karibu kila wiki.

Tuungame kwanza kosa letu. Katika miaka hiyo alikuja kwetu, katika zahanati moja tuliyokuwa tukifanya kazi, akasema moyo unamkimbia. Tukamshika mkono, tukahesabu mapigo kwa sekunde 15, tukapata ya kawaida. Presha ilikuwa nzuri. Tukamwuliza kama nyumbani kuna amani, naye akalia, kwa maana kweli wakati huo mumewe alikuwa hana kazi. Basi tukaandika kwenye daftari lake "wasiwasi," tukampa vidonge vya kutuliza, tukamwambia apumzike. Mama lishe mwenye watoto wawili tukamwambia apumzike!

Hatukujua, au tuseme tulifundishwa chuoni tukasahau, kwamba ugonjwa wake huja na kuondoka. Ukimpima mgonjwa wakati umeshaondoka, utamkuta mzima kabisa. Ni kama mtu anayekwenda kumwita fundi kwa ajili ya mwanga unaokatika-katika, na fundi akifika taa inawaka vizuri.

USIKU WA MAOMBI

Baada ya sisi wa hospitali kushindwa, wengine wakachukua nafasi. Upande wa mume wakasema ni jini la pwani linamtaka. Upande wa kwao wakampeleka kwenye mkesha wa maombi, na huko likatokea jambo ambalo lilichelewesha matibabu yake kwa miaka mingi. Moyo ulimwanza katikati ya mkesha. Wakamwekea mikono, wakamwambia alikemee pepo kwa sauti yote. Alipiga kelele akijikaza tumbo na kifua mpaka akaanguka chini chali, na wawili wakaishika miguu yake. Pale pale moyo ukatulia. Watu wakashangilia kwamba pepo limetoka.

Sisi hatukatai maombi, na kila Jumatano tumo humo humo. Lakini mpenzi msomaji, kujikaza kwa nguvu na kisha kulazwa chali miguu ikiwa juu ni njia halisi ya kitabibu ya kuzima moyo wa namna hii. Kujikaza huamsha mshipa wa fahamu utokao kichwani kuja moyoni, nao hufunga breki. Mwaka 2015 madaktari wa Uingereza walichapisha uchunguzi wao juu ya wagonjwa 433 wa aina hii. Waliojikaza wakiwa wameketi na kubaki hivyo hivyo, 17 katika kila 100 walitulia. Waliojikaza kisha wakalazwa na kuinuliwa miguu, walitulia 43 katika kila 100. Wale ndugu zetu wa mkesha walitenda jambo jema bila kujua. Ubaya ni kwamba wiki tatu baadaye moyo ulipoanza tena, mama yule alidhani amekosa imani, akaona haya kumwambia mtu yeyote. Aliificha hali yake miaka minne. Hilo ndilo linalotuuma hadi leo.

USIKU ULE TULIPOPATA KARATASI

Mwaka 2023 tulikuwa tumekaa kwenye kikao cha kikundi, tukihesabu fedha za VICOBA, tukamwona ameshika ubao wa meza na jasho linamtoka. Safari hii tulitoa saa. Tulihesabu kwa dakika nzima, tukapata 190 na zaidi, tukahesabu tena. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Wasiwasi huupandisha, lakini hupanda kidogo kidogo na kushuka kidogo kidogo, na ni shida sana kwa wasiwasi peke yake kumfikisha mtu 190 akiwa ameketi.

Tukamwuliza: "Ukimaliza hali hii, huwa unakojoa sana?"

Alitutazama. "Sista, mmejuaje? Naona hata haya kusema. Kama mtu aliyekunywa ndoo ya maji."

Tukaita bajaji. Tulimpeleka hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, kile kiitwacho ECG, tukiomba njiani kwamba moyo usitulie kabla hatujafika. Ni ombi la ajabu kidogo, lakini ndilo tuliloomba. Alipolazwa na kubandikwa nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye milima midogo midogo iliyobanana kama meno ya kitana. Daktari kijana wa zamu akaitazama akasema, "Mama, huu si wasiwasi." Mama yule alianza kulia kabla hata hajapewa dawa.

Alipigwa sindano ya adenosini, dawa inayosukumwa upesi kwenye mshipa na kuusimamisha moyo kwa sekunde chache ili uanze upya. Anasema aliona kama roho inatoka. Kisha kimya. Mapigo 82.

UMEME WA MOYO UNAVYOKWENDA

Moyo una umeme wake. Hautoki TANESCO wala hauhitaji LUKU. Moyo hujitengenezea wenyewe. Juu, katika chumba cha kulia, kuna mahali padogo panapotoa amri ya pigo. Amri hiyo husambaa katika vyumba viwili vya juu, kisha hupita katika mlango mmoja tu kwenda vyumba viwili vya chini vinavyosukuma damu. Mlangoni hapo amri hucheleweshwa kidogo ili vyumba vya chini vijae damu kwanza.

Kuna watu ambao pale mlangoni wana njia mbili badala ya moja: njia ya haraka na njia ya polepole. Kwa kawaida hawajui. Lakini siku moja pigo likija mapema kidogo, labda kwa kuinama, kushtuka au kukosa usingizi, amri hushuka kwa njia ya polepole, ikapanda kwa njia ya haraka, ikashuka tena, ikapanda tena. Inazunguka kama daladala iliyokwama kwenye mzunguko wa barabara, na kila inapozunguka moyo hupiga mara moja. Aina hii huwapata wanawake karibu mara mbili ya wanaume. Ndiyo aliyokuwa nayo mama wetu. Mabomu hayakuiweka. Yaliiamsha tu.

Wengine huzaliwa na uzi wa nyama unaounganisha vyumba vya juu na vya chini mahali pasipotakiwa, kama jirani aliyevuta waya wa umeme kwa siri nyuma ya nyumba bila kupita kwenye mita. Madaktari Wolff, Parkinson na White waliieleza hali hiyo mwaka 1930, na hadi leo inaitwa kwa majina yao. Hii ni ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu kwa watu wachache inaweza kusababisha kifo cha ghafla. Uzuri wake ni kwamba mara nyingi huonekana kwenye ECG hata mgonjwa akiwa hana shida siku hiyo. Kwa njia mbili za mlangoni sivyo. Karatasi huwa safi kabisa mpaka moyo uwe unakimbia.

MVUVI NA MUUGUZI

Zamani ugonjwa huu ulikuwa na vidonge tu. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, madaktari walimpasua kifua mvuvi mmoja wa North Carolina na kuukata uzi ule wa ziada kwa kisu. Alipona. Lakini fikiria kupasuliwa kifua kwa ajili ya kijiuzi kisichoonekana kwa macho!

Njia ya kufika moyoni bila kupasua kifua ilikuwa imeshafunguliwa tangu 1929, na hapo yupo muuguzi. Katika mji wa Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alitaka kupitisha mpira mwembamba katika mshipa wa mkono hadi moyoni, wakubwa wake wakamkataza. Vifaa vilikuwa mikononi mwa muuguzi Gerda Ditzen. Akamshawishi, naye Gerda akakubali, tena akataka afanyiwe yeye. Forssmann akamlaza mezani, akamfunga mikono na miguu, kisha akajigeukia, akajitoboa mkono wake mwenyewe na kuusukuma mpira ule. Gerda alipong'amua amedanganywa alikasirika, lakini alipofunguliwa alimsaidia kwenda chumba cha eksirei, na picha ikaonyesha ncha ya mpira imefika moyoni. Sentimeta 65. Forssmann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956 pamoja na wenzake wawili. Gerda alibaki muuguzi. Wauguzi wenzetu mnaosoma ukurasa huu mnaelewa.

Mwaka 1982 huko San Francisco, Daktari Melvin Scheinman na wenzake walieleza jinsi walivyopitisha mrija kama ule na kupiga shoti ya umeme ndani ya moyo ili kuziba njia ya umeme. Shoti ilikuwa na nguvu mno, ikaharibu zaidi ya kilichotakiwa. Ndipo kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 ikaja njia ya kutumia joto linaloletwa na mawimbi ya redio, ambalo daktari anaweza kulipunguza na kuliongeza kama mpishi na jiko la gesi. Hiyo ndiyo inayotumika mpaka sasa. Kwa aina nyingine za mapigo, Ulaya na Marekani wameanza kutumia mipigo mifupi sana ya umeme badala ya joto, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

KUCHOMA NJIA MBAYA

Sisi Watanzania tulianza kupasua moyo hapa nchini mwaka 2008, pale Muhimbili. Mwaka 2015 ikawa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, inayojitegemea. Katika miaka hii ya karibuni Taasisi imepata mtambo unaochora ramani ya umeme wa moyo kwenye skrini, na matibabu haya ya kuchoma njia mbaya yanafanyika hapo. Kabla ya hapo mgonjwa alipelekwa India au Afrika Kusini kama alikuwa na bahati, na wasio na bahati walibaki na vidonge. Sisi wa upande wa Temeke tujue pia kwamba Hospitali ya Dar Group, pale TAZARA barabara ya Nyerere, iko chini ya Taasisi hiyo tangu 2022. Kwa kliniki ya moyo huna haja ya kuogopa safari ya Upanga.

Mama wetu alianzishiwa vidonge vya kupunguza kasi ya moyo. Alivimeza karibu mwaka mzima. Vilimsaidia kiasi, ila vilimchosha, akawa hawezi kuamka saa 10 alfajiri kuwasha moto. Mwaka 2024 akakubali kuchomwa. Neno hilo "kuchomwa" lilimtisha, likamtisha mumewe zaidi. Aliuliza mbele yetu, "Wataunguza moyo wa mke wangu, halafu utapiga na nini?"

Ni swali zuri. Jibu ni kwamba sehemu inayochomwa ni ndogo sana, ya milimita chache. Joto la nyama pale hufika nyuzi 50 hadi 60 hivi, mbali kabisa na maji yanayochemka. Nyama hiyo hufa, hugeuka kovu, na kovu halipitishi umeme. Nyama nyingine yote ya moyo inaendelea na kazi yake.

Siku yenyewe alikaa bila kula tangu usiku. Alinyolewa kinenani, akapigwa sindano ya ganzi hapo, na mirija kadhaa myembamba ikapitishwa katika mshipa mkubwa wa damu mpaka moyoni. Hakupasuliwa kifua. Alikuwa macho, akiwaona madaktari wakitazama skrini. Kisha wakafanya jambo ambalo tunaona tuwaambie mapema, maana yeye halikumkaa vizuri: waliuamsha ugonjwa kwa makusudi. Kwa kupitia ile mirija waliusukuma moyo kwa vipigo vidogo vya umeme mpaka ukaanza kukimbia. "Nikasema sasa hawa wananiua," anasimulia. La hasha. Fundi hawezi kuziba bomba kama hajaona maji yanavujia wapi. Waliposhapata mahali penyewe, wakapasha ncha ya mrija joto, kwa muda wa dakika moja au pungufu kila mara. Alihisi fukuto kidogo kifuani. Halafu wakajaribu tena kuuamsha moyo, wakajaribu na tena, ukakataa kukimbia.

Alilala chali saa kadhaa bila kukunja mguu, ili tundu la mshipa lizibe. Kesho yake akarudi nyumbani. Aliambiwa asinyanyue vitu vizito kwa siku kadhaa, na hapo ndipo kikundi kilipoingia zamu ya kubeba masufuria.

Kwa aina aliyokuwa nayo, zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100 hupona kwa kuchomwa mara moja. Hatutaki kuwaficha hatari zake. Njia mbaya iko karibu sana na mlango mzuri wa umeme, na ikitokea mlango wenyewe umeguswa, mgonjwa atahitaji kuwekewa betri ya moyo maisha yake yote. Hutokea kwa mtu mmoja hivi katika 100, au pungufu. Kuvia damu kinenani hutokea mara nyingi zaidi, na kwa kawaida hupona. Kwa kuwa eksirei hutumika, mwambie daktari kama una mimba au unadhani unayo. Aghalabu matibabu haya husubiri mpaka mama ajifungue. Mwanamke anayepanga kuzaa na ambaye moyo wake humsumbua, ni vema akaliongea jambo hili na daktari kabla ya kushika mimba.

SI KILA MOYO UNAOKIMBIA

Tukiishia hapo tutakuwa tumewapotosha, maana kesho foleni ya kliniki ya moyo itajaa watu wasiohitaji kuwa pale. Akina mama tulio wengi moyo unatukimbia kwa sababu nyingine: upungufu wa damu, hasa kwa wenye hedhi nzito na waliozaa kwa kufuatana, homa, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, mimba yenyewe, na ndiyo, wasiwasi nao upo. Hizi hazichomwi. Pima damu kwanza.

Kuna na aina nyingine ambayo vyumba vya juu vya moyo havipigi bali vinatetemeka tu kama mboni ya jicho iliyochoka, na mapigo mkononi yanakuwa hayana mpangilio kabisa. Hapo hofu kubwa ni kiharusi, kwa sababu damu ikikaa bila kusukumwa huganda. Mwaka 1998 Daktari Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba mara nyingi fujo hiyo huanzia kwenye mishipa inayotoka mapafuni, na tangu hapo nayo inachomwa, ingawa haiponi kwa urahisi kama ile ya kwanza na wengi hurudia. Lakini kwetu huku, mwanamke kijana mwenye hali hiyo mara nyingi valvu ya moyo wake iliharibika utotoni, kwa sababu ya maumivu ya koo yasiyotibiwa. Huyo anahitaji valvu yake ishughulikiwe na dawa ya kuzuia damu kuganda, wala asiiache hata siku moja bila kumwuliza daktari. Mwenye mtoto anayelalamika koo mara kwa mara na asimpe tangawizi peke yake.

FEDHA NA MANENO YA WATU

Gharama za matibabu haya ni kubwa kwa familia ya kawaida. Mama wetu hakuwa na bima. Alichopata kilitoka sehemu tatu: mkopo wa VICOBA, shemeji yake mmoja (yule yule aliyesema ni jini, tumempongeza hadharani), na mchango wa kikundi. Kulikuwa na mnong'ono katika mchango huo. Wapo waliosema mbona mgonjwa anatembea, anauza wali, anacheka. Tulishangaa kidogo, kwa sababu mwezi huo huo tulichanga fedha za sare za "kitchen party" bila mtu kuguna. Tusiyaseme sana hayo. Mwenye shida ya kweli asiogope pia kwenda kwenye ofisi ya ustawi wa jamii iliyopo katika hospitali za serikali. Hukaa muda mrefu kwenye benchi, lakini kazi yao ni kuwasikiliza wasioweza kulipa.

UKIJISIKIA HIVYO LEO USIKU

Weka vidole viwili mkononi chini ya kidole gumba, au muite mwanao aliyesoma ahesabu. Hesabu dakika nzima ukitazama saa. Andika idadi, saa iliyoanza, saa iliyokoma, na kama ilianza ghafla au kidogo kidogo. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Kama imeanza ghafla, uko macho na huna maumivu ya kifua, kaa ukiwa umeegemea nyuma. Chukua bomba jipya la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, ulipulize kwa nguvu sekunde 15 kana kwamba unataka kukisukuma kile cha ndani kirudi nyuma. Mara tu ukimaliza, ulazwe chali na mtu akuinulie miguu sekunde 15. Unaweza kurudia. Usikubali mtu akukande shingo, hasa kama una umri mkubwa.

Moyo usipotulia, nenda hospitali wakati huo huo, na useme neno hili mapokezi: "Naomba nipimwe ECG sasa, moyo ukiwa bado unakimbia." Usikae foleni kimya ukingoja zamu. Na ukizimia, ukibanwa pumzi, ukiumwa kifua, ukiwa mjamzito, au kama katika ukoo wenu kuna kijana aliyeanguka akafa ghafla, usijaribu bomba wala kitu kingine nyumbani. Nenda.

Mama wetu sasa hamezi kidonge chochote. Kuna siku moyo humruka pigo moja, akasimama katikati ya mazungumzo na kushika shingo akisubiri. Hauendelei. Madaktari walimwambia miruko hiyo ni ya kawaida, lakini mkono wake haujaacha kwenda shingoni.

Ile karatasi ya ECG ya mwaka 2023 anayo bado. Ameikunja mara nne na kuiweka ndani ya bahasha ya kadi za kliniki za watoto, na mgeni wa upande wa mume akija, tumemwona akiitoa.